Kidonda Kimepona, Ubongo Je?

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mjini hakuna simu inayoshtua kama ile inayotoka nyumbani kijijini kwa saa isiyo ya kawaida. Mfanyakazi aliye Tanga au Dar es Salaam, ambaye wazee wake wako Vuga katika milima ya Usambara, anapoarifiwa kwamba mdogo wake ameanguka kutoka juu ya mfenesi, au amepinduka na pikipiki katika kona za Soni, swali lake la kwanza huwa ni moja tu: yu hai? Akijibiwa kwamba yu hai, huuliza la pili: ameumia wapi? Na akisikia kwamba mkono haukuvunjika wala mguu, ila kichwa kimepasuka kidogo na tayari kimeshonwa, hushusha pumzi, akamshukuru Mungu, akarudi kazini kwake.

Shabaha ya makala ya leo ni kueleza kwa nini swali la tatu halina budi kuulizwa, tena lisiulizwe siku ile tu, bali kwa miezi mingi baadaye. Swali lenyewe ni hili: ubongo wake unaendeleaje? Katika muda wa miaka hamsini na zaidi iliyopita, wataalamu wamejaliwa kupata mashine zinazowawezesha kuuona ubongo wa mtu aliye hai bila kulipasua fuvu lake. Yale waliyoyaona, hasa katika vichwa vya watoto na vijana, yamegeuza mawazo mengi ya zamani, na yana maana kubwa kwa kila familia, hata ile ambayo haijapata kuiona mashine hiyo.

UMBALI NI ADUI

Vuga ni jina kubwa katika historia ya nchi yetu. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya ufalme wa Wakilindi, na kutoka hapo Kimweri ye Nyumbai aliitawala Usambara mpaka alipofariki mwaka 1862. Baadaye jina hilo lilijulikana tena kwa ajili ya mtambo wa Walutheri uliochapa vitabu. Lakini sifa ya historia haifupishi njia. Huko ni mahali pa miinuko na mabonde, pa mashamba yaliyoegemea miteremko, na pa vijia ambavyo watoto huvishuka mbio tangu wanapojua kutembea. Mtoto hupanda mti kuchuma fenesi au peasi. Kijana hupakia abiria wawili juu ya pikipiki katika njia ya udongo inayoteleza wakati wa masika. Wote wawili wanatafuta riziki au furaha, na wote wawili wanakibeba kichwa kitupu kisicho na kinga.

Ajali inapotokea, mgonjwa hufikishwa kwanza zahanati au kituo cha afya, halafu pengine hospitali ya Bumbuli au ya wilaya iliyoko Lushoto. Ikiwa daktari ataona kwamba ndani ya kichwa kuna hatari, ndipo safari inapoanza hasa. Kutoka Soni gari hushuka kona baada ya kona hadi Mombo. Kutoka Mombo hadi hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo, mjini Tanga, ni zaidi ya kilomita 100. Kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi ni karibu kilomita 200. Na kwenda Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa mwaka 1996 na ina mabingwa wa upasuaji wa ubongo, ni zaidi ya kilomita 300. Ni kweli kwamba katika miaka ya karibuni mashine za kupiga picha ya ubongo zimesambazwa katika hospitali za rufaa za mikoa, na hili ni jambo la kushukuru, kwani hapo zamani zilikuwa katika hospitali chache kubwa tu. Hata hivyo, milima haijasogea. Ubongo unaovuja damu hauhesabu kilomita, unahesabu dakika.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, unapopokea simu ile, uamuzi wako wa kutuma nauli usiku ule ule au kungojea asubuhi unaweza kuwa ndio uamuzi wa uhai.

NDANI YA FUVU

Ili tuelewane, tuangalie kwanza jinsi kichwa kilivyoumbwa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na theluthi hivi. Ni laini kama maziwa yaliyoganda vizuri, nao unaelea katika maji ndani ya sanduku gumu la mfupa. Kichwa kinapogonga chini kwa ghafula, fuvu husimama lakini ubongo huendelea na mwendo wake. Hujibamiza mbele, kisha hurudi nyuma. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu, ubongo nao hujisokota ndani, na nyuzi zake nyembamba zipelekazo habari kutoka sehemu moja hadi nyingine huvutwa, na nyingine hukatika.

Hatari ni tatu. Ya kwanza ni damu kuvuja na kujikusanya kati ya fuvu na ubongo, au ndani ya ubongo wenyewe. Ya pili ni uvimbe. Mguu ukivimba hupata nafasi ya kutanuka, lakini ubongo uliofungiwa ndani ya mfupa hauna pa kutanukia, kwa hiyo hujibana wenyewe mpaka hata kupumua kunaweza kusimama. Ya tatu ni hiyo ya nyuzi kukatika, ambayo haionekani kwa macho wala haitoi damu nje, nayo ndiyo inayoleta matatizo ya miezi na miaka.

Ni muhimu kufahamu kwamba hatari ya kwanza ina hila yake. Mtu anaweza kuanguka, akapoteza fahamu kidogo, kisha akaamka, akazungumza, akala, akacheka na wenzake, kumbe mshipa uliopasuka unaendelea kuvuja polepole. Baada ya saa chache huanza kulalamika kichwa kinauma sana, hutapika, huwa mzito kama mwenye usingizi, na asipopasuliwa mapema hufariki. Basi maneno yale yanayopendwa katika simu, "Kaka, usiwe na wasiwasi, mtoto amekwisha kula ugali na anaongea," si ushahidi kwamba hatari imepita.

MASHINE ILIYOFUNGUA DIRISHA

Tangu mwaka 1895, Mjerumani Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei, madaktari waliweza kuiona mifupa. Lakini eksirei ya kawaida haikuuonyesha ubongo. Daktari aliona fuvu limepasuka au halikupasuka, basi. Mwaka 1971 mambo yalibadilika. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, mgonjwa wa kwanza aliingizwa kichwa chake katika mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo hupitisha miali ya eksirei kutoka pande nyingi za kichwa, na kompyuta hukusanya hesabu zake na kuchora picha ya ubongo kipande kwa kipande, mithili ya mtu aukataye mkate na kukitazama kila kipande peke yake. Hiyo ndiyo siti skani. Hesabu za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kufanywa kabla yake na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulitafakari jambo hilo alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Mwaka 1979 wawili hao walitunukiwa pamoja Nishani ya Nobel. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo wa 1971 ndio pia ambao hospitali ya KCMC ilifunguliwa chini ya Mlima Kilimanjaro.

Siti skani hufanya kazi kwa dakika chache. Humwonyesha daktari damu iliyovuja, uvimbe na mfupa uliobonyea ndani, naye akajua kama mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji mara moja. Lakini hata hiyo ina mpaka wake. Haiwezi kuonyesha kila uzi mwembamba uliokatika. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupigwa picha, daktari akasema haoni damu, na bado kijana yule akashindwa kukumbuka alichoambiwa asubuhi.

Hapo ndipo ilipokuja mashine nyingine inayotumia sumaku yenye nguvu nyingi badala ya eksirei. Wengi huiita emarai. Kwa njia mojawapo ya mashine hiyo, wataalamu hufuata mwendo wa maji ndani ya nyuzi za ubongo. Mkulima wa Usambara atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Mfereji ukiwa mzima, maji hufuata njia yake moja kwa moja mpaka shambani. Kingo zikibomoka, maji hutawanyika ovyo kando kando. Vivyo hivyo, uzi wa ubongo ulio mzima huyaongoza maji upande mmoja. Uliochakaa huyaacha yatawanyike. Kwa kuyatazama maji, wataalamu huujua mfereji uliobomoka ulipo.

WALICHOKIONA KATIKA VICHWA VYA VIJANA

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtoto akiumia kichwa, heri yake, kwa sababu ubongo mchanga hujirekebisha upesi. Mawazo hayo yalipata nguvu kutokana na majaribio ya Margaret Kennard huko Marekani katika miaka ya 1930, ambaye aliona kwamba nyani wachanga walioumizwa ubongo walirudia kutembea vizuri kuliko wakubwa. Katika mambo ya viungo, ukweli fulani umo humo. Lakini ubongo si wa kutembea tu. Uchunguzi wa miaka ya baadaye umeonyesha kwamba mtoto aliyepata jeraha kubwa la kichwa akiwa bado mdogo sana mara nyingi hupata shida zaidi katika kujifunza, kuzingatia na kujitawala, kwa kuwa ubongo wake ulivurugwa kabla haujajengeka.

Aidha, ubongo hauishi kujengeka upesi kama tulivyodhani. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga watoto na vijana picha za emarai mara kwa mara kwa miaka. Walionyesha kwamba ubongo huendelea kubadilika katika ujana wote. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo hutuwezesha kupanga mambo, kuzuia hasira na kufikiri kabla ya kutenda, ndiyo ya mwisho kukomaa, nayo huendelea hadi mtu anapopita umri wa miaka 20. Maana yake ni nzito. Mtoto wa darasa la tatu aliyeumia sehemu hiyo anaweza kuonekana mzima kabisa, kwa sababu katika umri wake hatarajiwi kupanga mambo yake mwenyewe. Anapofika kidato cha kwanza au cha pili, wenzake wanapoanza kujitegemea, ndipo pengo hujitokeza. Wakati huo hakuna tena anayeukumbuka mfenesi.

Utafiti mwingine wa kutafakari ulifanywa katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Emily Dennis na wenzake waliwafuatilia vijana 21, wa umri wa tangu miaka 8 hadi 18, waliokuwa wameumia vichwa kwa kiasi cha kati au kikubwa. Waliwachunguza mara mbili: mara ya kwanza kati ya miezi 2 na 5 baada ya ajali, na mara ya pili kati ya miezi 13 na 19. Kila nusu ya ubongo huunganishwa na nyingine kwa daraja nene la nyuzi, na watafiti walipima ni kwa kasi gani habari inavuka daraja hilo. Vijana hao waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Kwa wengine daraja lilifanya kazi vizuri, na nyuzi zao zilielekea kufanana na za vijana ambao hawakuumia. Kwa wengine habari ilivuka polepole, na nyuzi zao ziliendelea kuharibika hata baada ya mwaka kupita tangu siku ya ajali.

Vijana 21 ni wachache, na utafiti mmoja haumalizi ubishi. Lakini tuzingatie jambo hili: watu wawili waliumia kwa kiasi kinachofanana, wakatoka hospitali wote wakitembea, mmoja ubongo wake unajijenga, wa pili unaendelea kubomoka kimya kimya. Kwa macho ya mtu apitaye njiani, wote "wamepona."

MFANO WA MJENZI WA RELI

Mwaka 1848, wakati Kimweri ye Nyumbai akitawala kutoka Vuga, huko Vermont nchini Marekani kulikuwa na kijana wa miaka 25, Phineas Gage, msimamizi wa wapasuaji mawe katika ujenzi wa reli. Baruti ililipuka kabla ya wakati, na mtaimbo wa chuma ukamwingia chini ya shavu ukatokea utosini. Ajabu ni kwamba hakufa. Kidonda kilifunga, akatembea, akazungumza. Lakini rafiki zake walishangaa. Aliyekuwa mtu mpole na mwenye mipango mizuri sasa alikuwa mwepesi wa hasira, mwenye matusi, asiyeshika shauri moja hadi mwisho. Waajiri wake hawakumrudisha kwenye kazi yake.

Fuvu lake limehifadhiwa hadi leo. Mwaka 2012 wataalamu walitumia picha za fuvu hilo na kompyuta kukadiria nyuzi alizopoteza, wakaona kwamba hasara haikuwa katika sehemu ya mbele tu, bali pia katika njia nyingi zilizoiunganisha na sehemu nyingine za ubongo. Ila habari ya Gage ina sehemu ya pili ambayo mara nyingi husahauliwa. Miaka michache baadaye alikwenda Chile akafanya kazi ya kuendesha gari la farasi kwa miaka kadhaa. Ni kazi yenye ratiba, yenye njia ile ile, yenye wajibu ule ule kila siku. Inaelekea kwamba utaratibu huo ulimsaidia kurudia utu wake kwa kiasi kikubwa, kabla hajafariki mwaka 1860. Hili ni funzo tutakalolihitaji hapa chini.

"AMEBADILIKA"

Tumfikirie sasa kijana wa miaka 16 huko nyumbani, mwanafunzi mzuri, aliyeanguka na pikipiki mwezi wa Machi. Alilazwa wiki moja, akashonwa, akaruhusiwa. Mwezi wa Mei kidonda kimepona na nywele zimeota. Lakini analala mchana. Anaagizwa vitu vitatu dukani, analeta kimoja. Mwalimu anamwuliza swali, anakaa kimya. Mdogo wake akimtania, anarusha jiwe. Baba anasema kijana ameingiwa na kiburi. Jirani anasema ni bangi. Shangazi anasema kuna mtu aliyemwendea. Mwalimu mkali anamchapa. Mwezi wa Agosti kijana huyo ameacha shule, na ukoo mzima umekubaliana kwamba "ameharibika."

Katika kisa cha namna hii hakuna mtu aliyemtakia kijana yule mabaya. Wote walimtazama usoni, kwa kuwa ubongo wake hawakuweza kuuona. Na fimbo haijapata kuunga uzi uliokatika. Wala mganga anayemtibu kwa mashaka ya uchawi, hata akiwa na nia njema, hatamsaidia ikiwa tiba hiyo inamchelewesha kurudi kwa daktari, na huku inatia uadui kati ya ndugu na jirani.

Jambo hili linawagusa vijana zaidi ya rika jingine lolote. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hapa nchini, uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya KCMC kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani umeonyesha kwamba wengi wa wanaofikishwa hapo na majeraha ya kichwa ni wanaume vijana, na kwamba chanzo kikubwa ni ajali za barabarani, zikiwamo za pikipiki. Hao ndio nguvu kazi ya nyumba zetu.

JICHO LA FAMILIA

Swali linakuja: mashine iko mbali, ni ghali, na hata ile ya sumaku yenye kufuata nyuzi haipatikani kila mahali. Je, wazazi wa Vuga wafanye nini? Jibu ni kwamba familia inayo kitu ambacho mashine haina. Mashine humwona mgonjwa kwa dakika chache. Mama humwona kila siku. Kinachotakiwa ni kuona kwa utaratibu.

Katika saa za kwanza, mwenye jeraha la kichwa apelekwe kwa mganga wa zahanati au hospitali, na asiachwe peke yake siku mbili za mwanzo. Akilala usiku, mtu mzima akae karibu naye, amwamshe mara kwa mara na kuhakikisha kwamba anajibu sawasawa. Dalili zifuatazo zikionekana, safari ya hospitali kubwa ianze bila kungojea mapambazuko: kutapika mara kwa mara, kichwa kuzidi kuuma, usingizi mzito usioamshika, degedege, maneno yasiyoeleweka, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, damu au maji mepesi kutoka puani au masikioni. Asiyejitambua asinyweshwe wala kulishwa kitu, kwa kuwa kinaweza kuingia mapafuni. Abebwe kwa uangalifu, kichwa na shingo vikiwa vimeshikwa sawa na mwili, kwa maana aliyeumia kichwa huenda ameumia na shingo pia. Akitapika, ageuzwe ubavu mwili wote kwa pamoja. Akishikwa na degedege, asitiwe kijiko wala kitu chochote kati ya meno.

Baada ya hapo ndipo inapoanza kazi ya miezi. Nunua daftari la kawaida la shule. Kila jumapili, mzazi au ndugu mwenye kujua kusoma aandike mistari michache: amelala vipi wiki hii, kichwa kimeuma siku ngapi, amesahau nini, amekasirika mara ngapi na kwa sababu gani, shuleni au kazini mambo yamekwendaje. Usimwandikie hukumu, andika ulichokiona. Usiseme "mvivu." Andika, "alilala saa nne asubuhi akiwa darasani." Baada ya miezi mitatu, sita, na mwaka, daftari hilo lipelekwe kwa daktari. Atakaposoma kwamba mambo yanarudi nyuma badala ya kwenda mbele, atajua kwamba mgonjwa huyu anahitaji kuchunguzwa upya, na kama kuna nauli ya picha moja tu, atajua itumike lini.

Kurudi shuleni kuwe hatua kwa hatua. Siku ya kwanza na ya pili apumzike. Kisha aanze shughuli ndogo ndogo ambazo hazimzidishii maumivu, aende shule nusu siku, halafu siku nzima. Si vizuri kumfungia gizani majuma mengi, wala kumrudisha uwanjani kucheza mpira siku ile ile, kwa sababu pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kuwa baya kuliko la kwanza. Mzazi amweleze mwalimu ukweli. Mwalimu naye amkalishe mbele, ampe muda zaidi wa kumaliza kazi, amwandikie ubaoni kile ambacho wengine wanaambiwa kwa mdomo tu.

Nyumbani, tukumbuke funzo la yule mwendesha gari la farasi. Ubongo ulioumia hupenda utaratibu: saa ile ile ya kuamka, kazi moja kwa wakati mmoja, maagizo mafupi, na kupumzika kabla ya kuchoka. Akishikwa na kifafa miezi kadhaa baada ya ajali, jambo linalotokea kwa baadhi yao, aende hospitali. Kifafa kina dawa, wala hakiambukizi. Asitengwe chombo wala kitanda.

Mzigo huu, tusifichane, mara nyingi huangukia akina mama na madada. Ndugu aliye mjini asidhani kwamba ametimiza wajibu wake kwa kutuma fedha za mishono. Apige simu mwezi wa tatu, apige mwezi wa tisa, aulize habari za daftari, na likizo yake akae na kijana huyo ili mama apate kupumzika.

KINGA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ubongo hakuna fundi anayeujenga upya. Wataalamu waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi walieleza mwaka 2008 kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kuumia kichwa kwa asilimia 69, na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Hakuna dawa ya hospitali inayofikia kinga hiyo. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani humkinga usukani. Ivaliwe kichwani, ifungwe chini ya kidevu, na abiria awe nayo ya kwake. Ndugu mfanyakazi, ikiwa umemnunulia mdogo wako pikipiki ili ajitegemee, pikipiki hiyo haijatimia mpaka uwe umenunua kofia mbili. Na watoto waonyeshwe jinsi ya kuchuma matunda kwa upondo wakiwa chini, badala ya kushindana nani atafika tawi la juu.

Ndugu msomaji, kuna vijana wengi katika koo zetu ambao tumekwisha kuwapa majina: mkorofi, mzembe, mwenye mashetani. Kabla ya kulitamka jina hilo tena, mwulize mama yake swali moja: je, mtoto huyu amewahi kuanguka au kugongwa kichwa? Akijibu ndiyo, hata ikiwa ni miaka mitatu iliyopita, mchukue umpeleke hospitali, na ueleze habari yote tangu mwanzo. Ngozi ya kichwa hupona kwa majuma mawili. Ubongo unadai mwaka na zaidi, na katika muda wote huo unamhitaji mtu wa kuutazama.